Mlango wa Pili: Kutoka Chuo cha Kati hadi Shahada ya Anthropolojia kwa Vijana wa Murungu

Utangulizi

Katika mfumo wa elimu wa Tanzania milango ya kuingilia chuo kikuu ni zaidi ya mmoja, ingawa katika mazungumzo ya kila siku unaotajwa ni ule wa kidato cha sita tu. Mlango mwingine hupitia vyuo vya kati, ambako mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne husoma astashahada, kisha stashahada, na hatimaye huomba kudahiliwa chuo kikuu kwa kile kinachoitwa sifa linganishi, yaani sifa ambazo hazikupatikana kwa mtihani wa kidato cha sita lakini zinahesabiwa kuwa na uzito uleule. Mhadhara huu unaujadili mlango huo wa pili kwa kumkusudia kijana wa Murungu na wa vilima vyote vya Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, anayetaka kusoma anthropolojia na ambaye, kwa sababu ya matokeo, ada, umri au majukumu ya nyumbani, hakupita au hatapita kidato cha tano na cha sita.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mlango huo ni halali na uko wazi, lakini humfungukia yule aliyeipanga safari yake kuanzia mwisho, kwa maana ya kuanza kuyasoma masharti ya chuo kikuu kabla ya kuchagua chuo cha kati. Karibu kila jambo litakaloamua kama mwombaji atapokelewa huwa limekwisha kuamuliwa miaka miwili au mitatu kabla ya siku ya kuomba: masomo aliyofaulu kidato cha nne, programu aliyoichagua, na alama za muhula wa kwanza ambazo wengi huzipuuza wakidhani kwamba zitafidiwa baadaye. Pamoja na hoja hiyo inakwenda nyingine, kwamba kijana wa Buha, yaani nchi ya Waha, ana mtaji wa kipekee katika taaluma hii, lakini mtaji huo haumsaidii mpaka aufanyie kazi kwa kalamu na daftari.

Maana ya anthropolojia na nafasi ya Buha

Anthropolojia ni taaluma inayomchunguza binadamu katika upana wake: asili yake ya kimaumbile, mabaki ya maisha yake ya kale, lugha zake, na namna anavyojenga jamii, imani, uchumi na utawala. Katika desturi ya vyuo vya Marekani taaluma hii hugawanywa katika matawi manne, ambayo ni anthropolojia ya maumbile, akiolojia, anthropolojia ya lugha, na anthropolojia ya utamaduni. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vilirithi zaidi mkondo wa Uingereza, ambao huita tawi la mwisho anthropolojia ya jamii na kuliweka karibu na sosholojia, taaluma ya mifumo na mahusiano ya jamii. Ndiyo sababu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam idara husika hubeba majina yote mawili, sosholojia na anthropolojia, huku akiolojia ikiwa na nyumba yake. Jambo hili linaonekana dogo, lakini mwombaji anayetafuta neno anthropolojia peke yake katika orodha ya programu anaweza kukata tamaa mapema, ilhali masomo anayoyataka yamo ndani ya shahada yenye jina la sosholojia.

Mkoa wa Kigoma una historia ndefu katika taaluma hii kwa matawi yake yote. Mwaka 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, kuwachunguza sokwe, na mwaka 1965 Toshisada Nishida kutoka Japani akaanza kazi kama hiyo katika milima ya Mahale. Matokeo ya kazi zao yaliilazimisha dunia kuufikiria upya mpaka uliowekwa kati ya binadamu na wanyama. Kwenye chemchemi za chumvi za Uvinza, mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walionyesha katika miaka ya 1960 kwamba uchemshaji wa chumvi mahali hapo ni wa karne nyingi kabla ya wakoloni. Kuhusu Waha wenyewe, J. H. Scherer alichapisha uchunguzi wake mwaka 1959, akieleza tawala za mwami, yaani mfalme, na watwale (machifu) wake, na Michele Wagner akaandika baadaye kuhusu mazingira, jamii na historia ya Buha. Naye Liisa Malkki aliishi katikati ya miaka ya 1980 miongoni mwa wakimbizi wa Burundi katika makazi ya Mishamo na katika mji wa Kigoma, na kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu kumbukumbu na uhamisho husomwa na wanafunzi wa anthropolojia katika nchi nyingi.

Watafiti hao sita waliotajwa pamoja na Goodall wana jambo moja la kutafakariwa, nalo ni kwamba wote walikuja kutoka nje, na waliochunguza watu wakajifunza kwa miaka mambo ambayo mtoto wa Heru au wa Muhambwe, tawala za zamani za Waha, huyapata kabla ya kujua kusoma. Kiha na Kirundi ni lugha zinazoelewana kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo msemaji wa Kiha anaposikiliza simulizi za upande wa pili wa mpaka hahitaji mkalimani. Katika Kirundi neno umuryango lina maana ya mlango wa nyumba na pia maana ya ukoo, na Kiswahili nacho hutumia neno mlango kwa tawi la ukoo. Mtu aliyekulia katika lugha hizi huona bila kufundishwa kwamba ukoo ni mahali pa kuingilia duniani, wakati mgeni huhitaji sura nzima ya kitabu kufika hapo. Mtoto huyo ameamkia wazee kwa salamu za heshima zinazoambatana na kupiga makofi, amesikia habari za babu waliohamishwa katika miaka ya 1930 kwa sababu ya malale na za wazazi waliohamishwa tena katika miaka ya 1970 wakati wa kuanzisha vijiji, na huenda ana ndugu waliokwenda kukata mkonge katika mashamba ya pwani wakaitwa manamba.

Hata hivyo, kukulia ndani ya utamaduni si sawa na kuusomea, kama vile kuzungumza lugha kulivyo tofauti na kuandika sarufi yake. Okot p'Bitek wa Uganda ni mfano unaofaa kuzingatiwa, kwa sababu hakuingia katika anthropolojia kwa njia iliyonyooka. Alianza kama mwalimu aliyepata mafunzo ya ualimu, akaenda Uingereza mwaka 1956 pamoja na timu ya mpira wa miguu ya Uganda, akabaki huko kusoma elimu katika Bristol, kisha sheria katika Aberystwyth, na hatimaye akafika Oxford alikosoma anthropolojia ya jamii. Kutokana na safari hiyo aliweza kuandika juu ya jamii yake ya Waacholi kwa maarifa ya mtu wa ndani, na papo hapo kuwakosoa wataalamu wa Magharibi kwa hoja walizolazimika kuzijibu. Cheti cha ualimu kilikuwa kwake hatua ya kwanza, na hakuna aliyekihesabu kuwa doa katika usomi wake.

Vyuo vya kati na ngazi zake

Neno chuo cha kati hutumika kwa taasisi iliyo juu ya shule ya sekondari na chini ya chuo kikuu. Katika mfumo wa tuzo za ufundi unaosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ngazi ya 5 ni astashahada, ngazi ya 6 ni stashahada, na ngazi ya 8 ni shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, bila kuhesabu masomo ya dini, huanzia ngazi ya 4 na kufika mwisho wa ngazi ya 6 kwa takriban miaka mitatu.

Kwa kijana wa Kibondo na Kasulu, vyuo vilivyo karibu ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden, na Kibondo na Kasulu kila mahali pana chuo kimoja. Vyuo hivi hufundisha zaidi ufundi stadi, na pia vimekuwa kimbilio la wasichana waliokatishwa masomo ambao hurudi kusoma sekondari wakiwa watu wazima. Kwa hiyo havitoi stashahada inayohitajika kuingilia chuo kikuu, lakini vinaweza kumrudishia mtu ule ufaulu wa kidato cha nne ambao bila huo safari yote haianzi. Aina ya pili ni vyuo vya ualimu, kama vile Kasulu na Kabanga, ambavyo stashahada yake hutambuliwa na vyuo vikuu kwa masharti yake maalumu.

Programu zilizo karibu zaidi na anthropolojia, hata hivyo, ni zile za maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii, ambazo mwanafunzi wa Murungu huzifuata mbali na nyumbani: Buhare karibu na Musoma, Misungwi mkoani Mwanza, Rungemba mkoani Iringa, Uyole mkoani Mbeya, Tengeru karibu na Arusha, au Taasisi ya Ustawi wa Jamii jijini Dar es Salaam. Katika programu hizi hufundishwa sosholojia ya mwanzo, mbinu za utafiti, takwimu, jinsia, na mbinu shirikishi za kujifunza pamoja na wanakijiji, na masomo hayo ndiyo msingi ambao mwalimu wa anthropolojia wa chuo kikuu hutarajia kuukuta. Baadhi ya taasisi hizo, Tengeru ikiwa mojawapo, hutoa pia shahada ya kwanza, jambo linalomaanisha kwamba mwanafunzi anaweza kumalizia palepale shahada ya maendeleo ya jamii. Ila anayetaka anthropolojia yenyewe hana budi kuhamia chuo kikuu, ama kwa shahada ya kwanza, ama baadaye kwa shahada ya uzamili.

Masharti ya kuvuka

Masharti ya jumla ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa mwombaji mwenye stashahada yanaweza kuelezwa kwa maneno machache, lakini kila neno lina uzito wake. Kwanza, mwombaji awe na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne katika kidato cha nne, kuanzia alama D na kuendelea, au awe na tuzo ya ufundi stadi ya ngazi ya tatu. Pili, awe na wastani wa alama, unaojulikana vyuoni kwa jina la GPA, usiopungua 3.0 katika stashahada ya ngazi ya 6. Kwa stashahada ya ualimu kinachotakiwa ni wastani wa alama B. Tatu, stashahada yake iwe ya fani inayotajwa katika mwongozo wa udahili kuwa inakubaliwa kwa shahada anayoiomba, na mwongozo huo hutolewa na TCU kila mwaka.

Sharti la pili ndilo linalowaangusha wengi, na sababu yake ni ya kihesabu. Mwanafunzi anaweza kufaulu na kutunukiwa stashahada akiwa na wastani wa 2.0 au zaidi kidogo, akasherehekea mahafali pamoja na wazazi wake, kisha akagundua wakati wa kuomba kwamba cheti kilichomfaa kwa ajira hakimfai kwa udahili. Kati ya 2.0 ya kuhitimu na 3.0 ya kuvukia kuna pengo ambalo haliwezi kuzibwa baada ya matokeo kutangazwa, kwa kuwa wastani hujengwa na kila somo la kila muhula. Kwa hiyo mwanafunzi anayekusudia chuo kikuu anapaswa kuichukua 3.0 kuwa alama yake ya chini kabisa tangu jaribio la kwanza darasani, na kujiwekea lengo lililo juu zaidi, kwa sababu baadhi ya vyuo na programu huweka masharti makali kuliko kiwango cha jumla.

Sharti la tatu nalo lina mtego wake. Programu mbili zinaweza kufanana kwa majina na kutofautiana mbele ya mwongozo wa udahili. Stashahada ya fani fulani ya biashara au ya teknolojia inaweza kuwa na alama bora na bado isikubaliwe kwa shahada ya sosholojia. Dawa ya mtego huu ni kuusoma mwongozo kabla ya kuchagua chuo cha kati, kuandika majina ya shahada mbili au tatu zinazolengwa katika vyuo vikuu tofauti, na kuangalia stashahada zinazokubaliwa kwa kila moja, ili anayechagua maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii achague akijua anakoelekea.

Kuna pia nyaraka ambazo hazihusiani na akili ya mwanafunzi lakini zina nguvu ya kumzuia. Mhitimu wa stashahada chini ya NACTVET anahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, ambayo waombaji huiita AVN, ili chuo kikuu kithibitishe matokeo yake, na namba hiyo haipatikani iwapo chuo alichosoma hakikuwasilisha matokeo kwa wakati. Mtu aliyesoma Burundi, Kongo au Kenya, jambo la kawaida katika wilaya za mpakani, anapaswa kupata ulinganifu wa vyeti vyake: vya sekondari kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania, na vya stashahada kutoka NACTVET. Majina yaliyoandikwa tofauti katika cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo ni tatizo jingine linalopaswa kumalizwa mapema, kwa kuwa kulirekebisha huhitaji kiapo na muda, na dirisha la udahili halimsubiri mtu.

Kwa aliyekosa 3.0, njia haijafungwa kabisa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kina kituo mkoani Kigoma na huendesha programu ya msingi ambayo, ikimalizwa kwa wastani unaotakiwa, hutambuliwa kuwa sifa ya kuingilia shahada ya kwanza. Faida yake nyingine ni kwamba mwanafunzi husoma akiwa kazini au nyumbani, jambo lenye maana kubwa kwa mama wa watoto au kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeko kijijini.

Ulinganisho na mfumo wa Marekani

Wazo la kuanza katika chuo cha jamii na kumalizia chuo kikuu lina historia ndefu nchini Marekani, ambako chuo cha Joliet katika jimbo la Illinois kilianzishwa mwaka 1901 kwa kusudi hilohilo, na jimbo la California likaweka mwaka 1960 mpango mkuu uliovifanya vyuo vya jamii kuwa mlango rasmi wa kuingilia vyuo vikuu vyake. Mfumo huo haupo mbali na Kigoma kama inavyodhaniwa, kwa maana Wakongo wengi waliohamishiwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, kambi iliyoanzishwa mwaka 1996, hukutana na vyuo vya jamii kama hatua yao ya kwanza ya elimu ya juu. Huko mwanafunzi husoma miaka miwili, akichukua masomo ya utangulizi ya anthropolojia ya utamaduni, ya maumbile na ya akiolojia, kisha huhamisha krediti zake na kuingia chuo kikuu mwaka wa tatu.

Tofauti iliyopo inapaswa kueleweka vizuri, kwa sababu kuichanganya huzaa matumaini yasiyotimia. Krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi. Nchini Tanzania krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza kwa jumla, darasani na nje ya darasa, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Upo utaratibu wa kuhamisha krediti kati ya chuo kikuu na chuo kikuu, lakini mwenye stashahada kwa kawaida huanza shahada mwaka wa kwanza, hata kama ameshasoma mbinu za utafiti na sosholojia katika chuo cha kati. Stashahada humpa haki ya kuingia na haimpunguzii muda. Kwa hesabu hiyo, anayepitia chuo cha kati hutumia miaka takriban mitatu ya astashahada na stashahada na mitatu ya shahada, jumla sita, wakati anayepitia kidato cha sita hutumia miaka miwili na mitatu, jumla mitano. Mwaka huo mmoja wa ziada ndio gharama ya mlango wa pili, na fidia yake ni kwamba msafiri anapokwama njiani anabaki na stashahada ya kazi mkononi, jambo ambalo mhitimu wa kidato cha sita hana.

Kupanga kuanzia mwisho

Mpango wenye busara huanza na swali la shahada, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua. Katika miezi ya kusubiri matokeo ya kidato cha nne, familia inapaswa kuamua kama masomo yaliyofaulu yanatosha au kama kuna somo la kurudia mtihani. Mwaka wa kwanza wa chuo cha kati ni wa kuimarisha Kiingereza cha kusoma na kuandika, kwa sababu chuo kikuu hufundisha kwa lugha hiyo na anthropolojia ni taaluma ya kusoma vitabu virefu na kuandika insha ndefu. Kijana mwenye Kiha na Kiswahili fasaha asiyeweza kujenga hoja ya kurasa tano kwa Kiingereza atakuta mlango uko wazi na ukumbi wake ni mgumu kukaa. Mwaka wa pili ni wa kuyashika kwa nguvu masomo ya mbinu za utafiti na takwimu, na mwaka wa tatu ni wa mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi huyaita fildi, pamoja na utafiti mdogo wa kuhitimu.

Mpango wa fedha hauna budi kwenda sambamba na ule wa masomo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, imekuwa ikiwakopesha hasa wanafunzi wa shahada. Mikopo ya stashahada iliyofunguliwa mwaka wa masomo 2023/2024 ilielekezwa katika fani za kipaumbele kama vile afya, ualimu, uchukuzi, nishati, madini na kilimo. Maana yake kwa mwanafunzi wa maendeleo ya jamii ni kwamba miaka ya chuo cha kati huenda ikabebwa na nyumba yake mwenyewe, kwa maharage, muhogo, kahawa au asali ya Kibondo, na kwamba nyaraka za mkopo wa shahada, kuanzia vyeti vya kuzaliwa hadi vya vifo vya wazazi kwa yatima, zikusanywe na kuhakikiwa kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa.

Daftari la fildi na maadili yake

Kiini cha anthropolojia ni ethnografia, yaani maelezo ya maisha ya jamii yaliyotokana na kuishi nayo, kushiriki shughuli zake, kutazama na kuandika kwa muda mrefu. Bronisław Malinowski aliipa njia hiyo umbo lake la kisasa katika visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na miongoni mwa wanafunzi wake jijini London alikuwemo Jomo Kenyatta, ambaye mwaka 1938 alichapisha kitabu juu ya jamii yake ya Wakikuyu na hivyo kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza kuwa mwandishi wa ethnografia ya watu wake badala ya kuwa mtoa habari wa mwandishi mwingine.

Mwanafunzi wa chuo cha kati anaweza kuanza kazi hiyo katika fildi yake, wakati bado ni msaidizi wa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Katika kuchagua mada, nyanda za Kibondo na Kasulu hazina upungufu: ufugaji wa nyuki na haki za msitu, urithi wa ardhi kwa binti, masoko ya mpakani yanayowakutanisha Waha na Warundi, kumbukumbu za utawala wa mwami, ambazo katika Heru zinamhusisha pia mwami mwanamke, Theresa Ntare, na uhusiano wa wenyeji na wakimbizi katika maeneo yaliyozunguka kambi ya Nduta. Kwa kila mada yapo mambo matatu ya kuandikwa siku ileile kabla ya kulala: kilichoonekana, kilichosemwa kwa maneno yenyewe ya msemaji katika lugha yake, na tafsiri ya mwandishi iliyotengwa wazi na hayo mawili ya kwanza. Madaftari ya miaka mitatu yaliyotunzwa hivyo humpa mwanafunzi, atakapofika chuo kikuu, hazina ya mifano ambayo mwenzake wa kidato cha sita hakupata nafasi ya kuikusanya.

Maadili ya kazi hii hayapaswi kuahirishwa hadi shahada. Anayehojiwa lazima ajue anahojiwa kwa ajili gani na akubali kwa hiari. Majina ya watu wa kawaida hufichwa. Siri za ukoo hazichapishwi kwa kuwa tu mwandishi ni wa ukoo huo. Kuingia kambini kufanya utafiti kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na kuwa jirani au ndugu wa mkimbizi hakumwondolei mtu sharti hilo. Mtu wa ndani, kwa kweli, ana wajibu mzito kuliko mgeni, kwa sababu mgeni akikosea huondoka, bali mtu wa ndani ataendelea kuchota maji katika kisima kimoja na watu aliowaandika.

Hitimisho

Swali la mzazi wa Murungu, kwamba anthropolojia itamletea mwanawe kazi gani, ni swali la haki na linastahili jibu lililonyooka. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2014 katika Afrika Magharibi, juhudi za afya zilikwama mpaka wataalamu wa jamii na utamaduni waliposaidia kutafuta namna ya maziko yaliyo salama na yenye heshima kwa wafiwa. Na Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Biharamulo, wilaya inayopakana na mkoa wa Kigoma, ambako maswali yaleyale ya kuuguza, kuzika na kuaminiana huulizwa kwa lugha ambazo mtaalamu kutoka mbali hazielewi. Afya, hifadhi, makumbusho, ulipaji wa fidia za ardhi, huduma kwa wakimbizi na halmashauri zenyewe zinahitaji watu wanaojua kusikiliza jamii kwa utaratibu na kuandika walichosikia kwa uaminifu.

Yapo, basi, mambo yanayopaswa kufanywa na kila upande. Walimu wa sekondari za Kibondo na Kasulu wauweke mwongozo wa udahili mikononi mwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, badala ya kuuacha uwe karatasi ya wahitimu wa kidato cha sita. Vyuo vya kati viwaambie wanafunzi wao, katika juma la kwanza la masomo, tofauti kati ya alama ya kuhitimu na alama ya kuvukia. Vyuo vikuu navyo vifikirie kuyatambua baadhi ya masomo ya stashahada yaliyofaulu vizuri, ili mtu aliyekwisha kusoma mbinu za utafiti kwa miaka miwili asilazimike kuanza moja. Na kijana mwenyewe asiione stashahada kuwa kituo cha walioshindwa: ahesabu masomo yake manne, ailinde 3.0 yake, achague programu akiwa ameusoma mwongozo, na aanze daftari lake leo kwa kuwauliza wazee wa nyumbani habari ambazo hazijaandikwa na mtu yeyote. Wazee hao hawataisubiri shahada yake.